Barua kwa mwanangu: jinsi ya kujitoa kwenye orodha ya CRB

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli kuna mtu anayeweza kukufuta kwenye orodha ya CRB, yaani mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kwa shilingi elfu tano, maana benki imekunyima mkopo. Usimpe hata ndururu. Hapa Kenya kumbukumbu hizo zinatunzwa na TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mashirika hayo huandika yanacholetewa na mkopeshaji, na habari ya kweli haifutwi kwa pesa.

Anza na ripoti. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Iombe kwa mashirika yote matatu, kwani moja linaweza kuwa limesahihisha na lingine bado. Isome mstari kwa mstari: nani anakudai, kiasi gani, tangu lini. Hakikisha nambari ya kitambulisho ni yako. Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kuorodheshwa, na mkopeshaji hutakiwa kukuarifu siku 30 kabla ya kupeleka jina. Ukiona kosa, lalamika kwa maandishi, uambatanishe nakala ya kitambulisho na ujumbe wa M-PESA unaoonyesha ulilipa.

Deni likiwa la kweli, usitume malipo kwa nambari ya mtu aliyekupigia simu. Mwombe mkopeshaji mwenyewe taarifa ya akaunti, uikague riba. Kwa benki, riba inayoendelea baada ya mkopo kukwama haiwezi kuzidi salio lililokuwepo siku ulipokwama. Kama huna pesa zote, omba kulipa kidogo kidogo au kupunguziwa, na makubaliano yaandikwe kabla hujatuma senti.

Hapa ndipo wengi hukwama: mtu analipa kiasi alichokumbuka, inabaki riba ya shilingi sitini, na akaunti inaendelea kusoma kuwa haijalipwa. Kwa hiyo uliza salio la siku ileile unayolipa, kisha udai barua inayosema salio ni sifuri. Baada ya hapo chukua ripoti upya; ikishabadilika ndipo uombe cheti cha CRB cha kuonyesha huna deni lililokwama, si kabla.

Nisikufiche, historia ya kuchelewa haitoweki siku hiyo. Hubaki miaka 5, ikihesabiwa tangu ulipomaliza kulipa. Ndiyo maana nakusihi usingoje: kila mwezi unaoahirisha unaisogeza mbele miaka hiyo yote. Ila deni lililolipwa halisomwi kama lisilolipwa. Alama ambazo Metropol humpa mtu kwa jinsi anavyolipa mikopo huanzia 200 hadi 900, na chini ya 400 ni dalili ya deni lililokwama. Utapanda polepole kwa mkopo mmoja mdogo unaoulipa kabla ya tarehe yake. Usiombe kwenye programu tano za mikopo wiki moja, kwani kila ombi huonekana kwenye kumbukumbu zako, na usikope huku ulipe kule. Kumdhamini mtu pia kuache kwa sasa. Akishindwa, jina lako linaingia pamoja na lake.

Ripoti zikifika nitumie zote tatu, tuzisome pamoja kabla hujamlipa yeyote.

Mama yako