Tuulize Afya: Giza la dagaa na siku ya chanjo

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa mapacha, tunaishi kambi ya wavuvi kwenye kisiwa kimoja huku Ukerewe, mume anavua dagaa mimi naanika na kuuza. Watoto wana miezi 11 sasa. Walipata chanjo za wiki sita, za wiki kumi zikanipita manake manesi walikuja siku ambayo dagaa wako mchangani na wingu lishafunga, ukiondoka wakanyeshewa mtaji umekwisha. Walipofika miezi tisa nikapanda mtumbwi nikawapeleka zahanati wapate ya surua, nauli elfu nane kwenda na kurudi, nesi akasema leo watoto ni wachache hawezi kufungua kichupa, nirudi wiki ijayo. Sijarudi mpaka leo. Naogopa watanigombeza, na pia nasikia ukichelewa unaanza upya zote. Nifanyeje?
*Mama mapacha, Ukerewe*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la kuanza upya litoe kichwani kabisa. Dozi aliyoshapata mtoto haifutiki hata ukichelewa miezi, anaendelea pale alipoishia. Kwa hiyo ukienda sasa hivi watapewa penta ya pili (sindano moja inayokinga magonjwa matano), ya nimonia, matone ya polio na hiyo ya surua na rubella, siku hiyohiyo moja, kila sindano sehemu yake, halafu baada ya wiki nne wanamalizia penta ya tatu. Surua ya pili ni miezi 18. Ya rota, ile ya kuzuia kuharisha, nesi ataangalia umri wao. Nenda na kadi, na kama kadi ililowa ziwani nenda hivohivo, rejesta ya zahanati ina majina yao.

Usingoje zaidi, nakuomba. Surua ikiingia kambini ambako watu wanalala chumba kimoja watano sita, inapita kwa wote ambao hawajachanjwa, maana mgonjwa akishatoka chumbani virusi vinaweza kubaki hewani kwa muda wa mpaka saa mbili. Watoto tisa kati ya kumi wasio na kinga wakikaa karibu na mgonjwa wataugua.

Sasa la kichupa, na hapa naongea na manesi wenzangu pia. Naelewa linatoka wapi. Chanjo ya surua ni unga, ukishachanganya na maji yake haikai zaidi ya saa sita, inayobaki unamwaga, na kichupa kimoja mara nyingi ni dozi kumi. Nesi anaona dozi nane zinaenda chooni, anafikiria ripoti ya mwezi, anafikiria atakavyoulizwa wilayani, anamwambia mama arudi. Lakini Shirika la Afya Duniani limeshasema wazi, kichupa kifunguliwe hata akiwepo mtoto mmoja. Dozi nane zikimwagwa zinaandikwa kwenye ripoti mambo yanaisha, mama aliyerudishwa na mapacha mgongoni na kifuani haandikwi popote, na wengi hawarudi. Na hizi za majimaji kama penta na matone ya polio ndo kabisa hakuna sababu, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikitunzwa kwenye ubaridi wake, yaani nyuzi 2 mpaka 8. Mama, ukiambiwa tena hivyo omba kwa upole kuongea na mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mwambie umetoka kisiwani na nauli yako imeisha.

Jambo la tatu ndilo linaniuma zaidi. Nimebeba lile sanduku la baridi begani miaka mingi. Asubuhi unatoa barafu unaziacha mezani mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani, manake penta ikiganda imekufa, halafu unapanda boti unafika mwaloni saa nne, unakuta wanawake wote wameinama kwenye dagaa. Wanakuona, wanakusalimia, hakuna anayekuja. Tulikuwa tunaandika "mwitikio mdogo". Ilinichukua muda kuelewa kwamba tumekuja kwenye giza. Dagaa wanavuliwa kwenye giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka uvuvi unasimama, nyavu zinashonwa, kina mama wanapumua. Lakini ratiba ya huduma ya mkoba, yaani manesi kuwafuata watu walipo, imepangwa Jumanne ya pili ya mwezi, na mwezi wa angani haufuati kalenda ya ofisini. Tulipobadilisha tukawa tunaenda siku mbili tatu za mwanzo wa mbalamwezi, kabla watu hawajapanda boti kurudi makwao, foleni ilianza kabla hatujashusha sanduku.

Kwa hiyo ongea na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi hapo mwaloni, yeye anajua nani kaingia kambini na nani kahama, ampigie mfawidhi wa zahanati wapange siku kwa kufuata mbalamwezi. Ni simu moja tu.

SWALI: Habari dada, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Simanjiro. Kiangazi familia nyingi zinahama na ng'ombe kwenda ronjo (kambi za muda za malisho), nabaki na daftari lenye majina ya watoto ambao hawajapata chanjo hata moja, na lawama nalaumiwa mimi. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana kaka, kazi yako ni ngumu na lawama hiyo siyo yako. Fuata ng'ombe. Wanaponyweshwa maji, kwenye lambo, kwenye josho, na siku ya mnada, huko ndiko familia zilipo, mwambie mratibu wa chanjo wa wilaya akuwekee siku za mkoba huko badala ya kijijini kwenye maboma matupu. Muulize pia afisa mifugo lini anachanja ng'ombe. Kule Chad wafugaji wanaohamahama walishachanjiwa watoto na mifugo katika safari moja, gari moja, na baba ambaye asingemtoa mkewe kwenda kliniki alikuwa tayari yuko pale na ng'ombe wake. Mpitie laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamasai, kwanza, akishakubali yeye wengine hawakusumbui. Halafu kila mama anayehama mwambie aweke kadi kwenye mzigo, manake chanjo ni bure na zahanati yoyote ya njiani inapaswa kumpokea, hata kama ni mkoa mwingine. Andika na namba ya simu ya baba pembeni ya jina la mtoto kwenye hilo daftari lako.