Usimwambie mtoto "bonyeza ndizi"

Kishikwambi cha mwanangu asiyeweza kusema, kile anachobonyeza picha nacho kikamtamkia neno, kilipofika nyumbani kwetu Iyunga, Mbeya, kosa la kwanza nililifanya usiku uleule. Nilikesha nikijaza picha: ndizi, parachichi, tembo, ndege, viatu, zikafika kama themanini. Asubuhi nikamkalisha. "Ndizi iko wapi? Bonyeza ndizi. Haya, tembo je?" Alibonyeza mbili tatu, kisha akageukia ukuta. Wiki mbili nikaamini amekikataa kifaa. Kumbe alichokataa ni mtihani wa mama yake.

Ana miaka saba na mtindio wa ubongo. Anaelewa kila kitu, hata umbea wetu wa jikoni, ila mdomo haumtii. Sasa, mtoto anayesema kwa mdomo husikia watu wakiongea karibu mwaka mzima ndipo atamke neno lake la kwanza. Wangu nilitaka aongee kwa picha ilhali hajawahi kumwona mtu yeyote akifanya hivyo. Nikaacha kumuuliza, nikaanza kukitumia mimi. Nikimwongezea uji nabonyeza "tena". Sufuria likiisha nabonyeza "basi". Simwambii aige. Mume wangu aliona kama nacheza na simu, naye sasa ndiye anayeongoza kwa kubonyeza "twende" Jumapili asubuhi.

Maneno yenyewe ndiyo niliyochelewa kuyajua. Tembo hatujawahi kukutana naye Mwanjelwa. "Tena", "bado", "basi", "njoo", "nisaidie", "nini", "wewe" yanahitajika kutwa nzima. Halafu kuna hili la Kiswahili chetu: programu nyingi zimejengwa kwa lugha za watu wengine, kwa hiyo utapewa vitufe vya "mimi", "taka", "enda", kila kimoja kivyake. Mtoto akivipanga, mashine inasoma "mimi taka enda", kama mtalii aliyeshuka jana. Futa. Andika "nataka", "sitaki", "nipe", "nimechoka", "inauma". Na usisahau "shikamoo". Hiyo kwetu ilifungua milango kuliko maneno yote.

Bibi yake wa Tukuyu alikuwa hataki kukiona kile kidude. "Mnamzoesha uvivu, hatasema kamwe." Sikumlaumu, hofu hiyo hata mimi nilikuwa nayo. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu jambo hilohilo. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna aliyerudi nyuma katika kusema, na wengi waliongeza, ingawa kidogokidogo. Bibi hakushawishiwa na watafiti. Alishawishiwa siku mjukuu wake alipomwamkia. Baadaye tulirekodi salamu ya kwao, "ugonile", kwa sauti ya binamu yake, kwa sababu sauti ya mashine ikijaribu Kinyakyusa unaweza kulia.

Mkono wake hufika kwenye kioo kama ngumi, hivyo tuna vitufe kumi na viwili tu kwa ukurasa, vikubwa. Ukishavipanga usivihamishe. Mkono hukariri mahali kabla jicho halijatambua picha, kama wewe unavyoipapasa swichi ya chumbani kwako gizani. Ukitaka kuongeza neno, liweke kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Na subiri. Ukimuuliza kitu, hesabu moyoni mpaka kumi na tano huku umefunga mdomo. Jaribu leo uone ilivyo ndefu. Mimi nilikuwa nikifika nne najibu mwenyewe.

"Sitaki" ndilo neno lililonipa shida. Alilitumia mara ya kwanza Julai, saa kumi na mbili asubuhi, nimeshika sweta, na baridi ya Mbeya ya mwezi huo mnaijua. Sweta alivaa. Ila kwanza nilimjibu: "Nimesikia, hutaki. Nje kuna baridi, ukifika darasani utavua." Nilipofika shuleni nikamwambia mwalimu amvue. Najua mzazi aliyekifuta kitufe hicho kwa sababu mtoto "amekuwa jeuri". Mtoto wa jirani akisema sitaki kwa mdomo, nani anamkata ulimi?

Shuleni kifaa kilifungiwa kabatini muhula mzima "kisiharibike". Niligombana, halafu nikapata akili. Nilichapisha ukurasa uleule kwenye duka la steshenari, nikaupiga laminesheni, nakala mbili: moja kwenye begi, moja kwenye mlango wa jikoni. Haihitaji chaji, mvua haiiharibu, na hakuna anayeifungia. Kama huna hela ya kishikwambi, anza na karatasi hiyo leo. Ukikutana na mwalimu mkuu mgumu, mkumbushe kwa heshima kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mkataba huo unazitaja njia mbadala za mawasiliano kuwa ni mawasiliano.

Juzijuzi umeme ulikatika tukiwa tunakula. Kila mtu akanyamaza akitafuta tochi. Kwenye giza kikawaka kioo chake, ngumi ikatua mara mbili: "Umeme. Basi." Tulicheka mpaka maharage yakapoa. Kesho yake nilimwekea kitufe cha "umekatika". Hajakigusa. Kwa hiyo kwetu Iyunga, umeme haukatiki siku hizi. Umeme basi.