Rosemari yangu inakauka na maji naipa kila siku

*Mama Bustani hujambo. Niko Kondele hapa Kisumu, nyumba ya chumba kimoja ghorofa ya pili. Mwezi jana nilinunua rosemari kwa wauza miche wa kando ya barabara, ilikuwa imenona kweli, nikaihamishia kwa chungu kizuri cha kauri nikaweka juu ya meza ya TV. Naipa kikombe kizima cha maji kila asubuhi kabla sijaenda kazi na bado majani yanageuka kahawia kuanzia chini, ukiyagusa yanapukutika. Nikaongeza na maji ya jioni lakini wapi. Ni joto la Kisumu ama niliuziwa mgonjwa?*
Msomaji, Kondele

Dada pole, na kwanza weka hicho kikombe chini. Joto la Kisumu msilisingizie, rosemari kwao ni huko kando ya bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe ambako kiangazi kizima mvua ni ya kutafuta, kwa hivyo jua inalijua vizuri sana. Kitu haiwezi ni kusimama ndani ya maji. Mizizi ikikosa hewa inaoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji hata ukiwa umelala ndani yake, ndio maana majani yanakauka kama ya mmea wenye kiu, wewe unaona ni kiu unaongeza maji, mizizi inazidi kuoza. Mimi mwenyewe nilizika mbili hivyo hivyo kabla nishtuke.

Leo jioni itoe polepole uangalie mizizi. Ile myeupe ama ya kahawia iliyokaza iko sawa, ile myeusi laini inayonuka kata yote kwa makasi, na juu pia punguza matawi kidogo maana mizizi itakayobaki haitaweza kulisha mti wote. Halafu hicho chungu cha kauri hata bila kukiona najua hakina tundu chini, vingi vimetengenezwa vya kurembesha nyumba tu. Tafuta chungu cha udongo wa kuchomwa, hicho kinapumua, unyevu unatokea hata ubavuni. Kama hela haijakaa vizuri chukua mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku, pasha msumari moto kwa jiko utoboe matundu matano sita, mmea hauna maringo.

Udongo nao usichote ule mweusi wa Kano, ule unaopasuka jua likiwaka na mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu mpaka unabaki na soksi. Huo unashika maji siku nyingi mno. Changanya udongo mwekundu wa kawaida na mchanga wa mto, ule wa chembe kubwa, nusu kwa nusu, na samadi iliyooza vizuri ngumi moja basi. Rosemari si sukuma wiki, ukiishibisha mbolea inarefuka ovyo na harufu inapungua.

Ratiba ya maji sikupi. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, ukisikia unyevu achana nayo, pakiwa pakavu mwaga mpaka yatoke chini na yale ya kwa kisahani uyamwage. Inaweza kuwa mara mbili kwa wiki, mvua za Aprili hata siku 10 zinapita. Ila usivuke mpaka udongo ukauke kama tofali, kwa sababu majani yake ni magumu kama sindano, hayalegei kukuonya, unakuja kushtuka imekufa imesimama wima vile vile.

Sasa meza ya TV. Inataka jua lenyewe, masaa 6 hivi kwa siku, si mwanga wa sebuleni. Ukisoma kwa intaneti utaambiwa dirisha la kusini, hayo waliandikiana watu wa Ulaya na Marekani ambao jua lao limelalia kusini. Sisi ikweta iko hapo Maseno tu, jua linapita utosini, Juni limeegemea kaskazini, Desemba kusini, kwa hivyo dirisha la kusini kuna miezi haliambulii kitu. La mashariki ama la magharibi ndilo linapata jua mwaka mzima, lakini ni nusu siku, kwa hivyo kama kuna balkoni itoe nje mchana, ukianza na lisaa limoja ama mawili kwa siku ili isiungue. Na kama dirisha lako linatazamana na ukuta wa ploti ya jirani, niwe mkweli tu, panda kitu kingine.

*Mimi niko Nakuru, Section 58. Nimenunua rosemari lakini kibandiko kimeandikwa Salvia rosmarinus, na zamani najua ilikuwa Rosmarinus officinalis. Nimechezwa? Pia kuna utando mdogo kama wa buibui kwa matawi.*

Hujachezwa kijana wangu, wanasayansi waliihamishia ukoo wa Salvia mwaka wa 2017, ni ile ile ya kuweka kwa nyama. Utando ndio wa kuangalia. Huo ni utitiri, wadudu wadogo wanaopenda hewa kavu na vumbi, na vumbi la Nakuru unalijua. Peleka bafuni uioshe kwa maji yenye nguvu hasa chini ya majani, rudia kila baada ya siku chache mpaka uone umekwisha.

*Mama, kuna hii mambo ya maji ya rosemari kwa nywele, nataka nikate yangu yote nichemshe, itachipuka tena? Bungoma.*

Usiikate yote mwanangu! Chukua theluthi tu, na ukate kwenye kijiti kibichi chenye majani, ukishuka mpaka kwenye mti mkavu usio na majani hapo huwa haichipuki tena. Kuhusu nywele, utafiti uliofanywa Iran na kuchapishwa 2015 uliangalia watu 100 wenye upara wa kurithi, nusu walipewa mafuta ya rosemari nusu minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kuotesha nywele, miezi 3 hakuna kitu, miezi 6 nywele zikaongezeka karibu sawa pande zote. Lakini hayo ni mafuta, si maji ya sufuria, na ni miezi sita.

Bora kwanza uwe na miti mingi. Kata ncha za sentimita 10 hivi zisizo na maua, pukuta majani ya chini, chomeka kwa mchanga wenye unyevu kidogo mahali pa kivuli chenye mwanga. Ngoja wiki 4 mpaka 8, ukivuta kidogo ikikataa kutoka ujue imeshika. Chomeka sita, mbili tatu lazima zikuangushe.