Maswali ya Wasomaji: Je, Madina Okot wa Mumias atafika WNBA?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Shibale, Mumias. Kikapu sijawahi kucheza, lakini tangu dada yetu Madina Okot, mzaliwa wa hapa Mumias, aanze kucheza chuoni Marekani, usingizi umenihama. Machi 2025 niliamka alfajiri kumtazama kwa simu, chuo chake cha Mississippi State kikicheza na chuo cha USC. Tulifungwa 96-59 na bado nilishinda stendi nikimsifu. Kisha akahamia chuo cha South Carolina kwa msimu wa 2025-26. Wenzangu wananiambia ni urefu tu, hana lingine, na kwamba hata Hasheem Thabeet wa Tanzania alikuwa mrefu na hakufika mbali. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa: ataingia WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, au tunajidanganya? – Shabiki wa Shibale

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Ataingia. Nimelitanguliza hilo ili usome haya mengine ukiwa umetulia.

Nimefundisha kikapu katika shule za sekondari huku Kisumu, kwenye viwanja vya saruji visivyo na nyavu, na warefu nimewaona wengi. Mrefu asiyejua kazi hutambulika upesi. Mpira ukigonga ringi, yeye husimama akiutazama, mikono chini, na mfupi wa futi tano na nusu anapita mbele yake anauchukua. Sasa mtazame Okot. Ana futi 6 na inchi 6, sawa. Lakini katika msimu wake wa kwanza Mississippi State, 2024-25, alikuwa na wastani wa pointi 11.3 na rebaundi 9.6 kwa mechi, yaani kudaka mpira baada ya mtupo kukosa. Hiyo 9.6 ndiyo inayonifurahisha mimi. Pointi unaweza kutengenezewa na wenzako. Rebaundi hakuna anayekupa. Lazima umzibe mpinzani kwa mgongo na miguu kabla mpira haujashuka. Naye alizipata katika SEC, kundi la vyuo ambamo utakutana na South Carolina, LSU na Texas. Huko kila timu ina warefu wake. Waambie wenzako urefu pekee hauleti rebaundi tisa na ushei pale.

Tuje kwa Thabeet, maana hoja hiyo ina uzito na sitaki uikimbie. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti ya NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akitoka chuo cha UConn, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Chuoni alikuwa akizuia kwa wastani mitupo zaidi ya minne kila mechi. Kijana yule hakubahatisha! Ila sheria za chuo humruhusu senta, yule mrefu wa chini ya ringi, kusimama akilinda chini ya ringi yake muda anaotaka. NBA hairuhusu: zikipita sekunde tatu ukiwa ndani ya eneo lililopakwa rangi na hakuna unayemkaba kwa karibu, ni kosa. WNBA nayo ina sheria hiyo. Kwa hiyo senta hulazimika kutoka nje, kusogea kando, kurudi, kutoka tena. Nionavyo mimi, hapo ndipo wengi waliotamba chuoni hukwama, na hapo ndipo ningependa umkazie macho Madina msimu huu. Mpinzani akiwekewa kizuizi na mwenzake, je, Madina anatoka kumkabili mwenye mpira kisha anawahi kurudi? Hesabu pia faulo zake kabla ya mapumziko. Senta aliye benchi na faulo tatu hana faida kwa mtu.

Kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawalizungumzii. Vyuo vya Marekani huipa timu sekunde 30 za kutupa mpira, na eneo la chini ya ringi lina upana wa mita 3.66. WNBA ni sekunde 24 na upana wa mita 4.88. Sasa jiulize, huku kwetu tunacheza kwa sheria za nani? Za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, sekunde 24 na mita 4.9. Hivyo ndivyo Madina alivyocheza katika Chuo Kikuu cha Zetech hapa Kenya kabla ya kusafiri. Mwendo ambao mwenzake wa Kimarekani atauanza siku ya kwanza ya kulipwa, yeye aliuzoea nyumbani.

Isitoshe, alichelewa kuingia kikapu. Wewe ni mtu wa Magharibi, unajua msichana mrefu huku hupelekwa voliboli kwanza. Joel Embiid wa Kameruni alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa NBA. Aliyechelewa bado ana mengi ya kuongeza.

Na yuko mikononi mwa nani? Kocha Dawn Staley, aliyeipa South Carolina ubingwa wa 2017, 2022 na 2024. A'ja Wilson alitoka kwake akachaguliwa wa kwanza katika drafti ya WNBA 2018, Aliyah Boston wa kwanza 2023. Mfano ulio karibu zaidi na wetu ni Kamilla Cardoso, Mbrazili wa futi 6 na inchi 7, aliyehamia hapo kutoka Syracuse akachaguliwa wa tatu 2024.

Jambo moja tu usilichukulie kirahisi: kuchaguliwa na kubaki kwenye timu ni mambo mawili. Drafti ya WNBA ina raundi tatu, na wengi wa raundi za mwisho hurudishwa nyumbani kabla ligi haijaanza. Hadi msimu wa 2025 timu ilibeba wachezaji wasiozidi 12. Afadhali timu mpya za Toronto na Portland zinaingia 2026 na timu zinafika 15, yaani nafasi zinaongezeka wakati unaomfaa. Mimi namweka raundi ya kwanza kabisa. Senta mwenye mikono ile, anayekimbia uwanja mzima na bado anajifunza, hakuna kocha atakayemwacha apite hadi raundi ya pili.