Nataka kulala nyumba ya wageni Lushoto, mume anasema ni aibu

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni Msambaa wa Mlalo, mimi ni mtoto wa Temeke. Julai iliyopita tulikwenda kwao siku mbili, kupumzika na kuonja baridi. Tulitoka Dar saa nne asubuhi na gari letu. Watoto (wa miaka 4 na 9) walitapika kuanzia Mombo mpaka Soni, kwenye kona za kupanda mlima, na tulifika usiku. Kesho yake nilishinda jikoni, moshi machoni, wageni wanaingia na kutoka. Usiku hatukulala kwa baridi. Tukarudi tumenuniana. Mwaka huu nataka tulale nyumba ya wageni Lushoto mjini, lakini mume anasema ni aibu kulipia kitanda wakati kwao ni palepale. Nimwambieje? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Katika hilo la aibu mumeo hajakosea. Milimani habari hukimbia kuliko gari. Mkionekana Soni, mama mkwe atajua kabla hamjashusha mabegi. Mkishapumzika mjini siku tatu ndipo mwende Mlalo kusalimia, hata mbebe zawadi za lori zima, itasemwa mmeanza na hoteli.

Kwa hiyo anzeni ukweni. Tokeni Dar Jumatano, laleni Mlalo usiku mmoja, Alhamisi baada ya chakula cha mchana mrudi Lushoto mjini mlale mpaka Jumapili. Mwaka jana mlipata siku moja tu huko, nayo ya jikoni, maana kwenda kulikula siku na kurudi kukala nyingine. Kutoka Dar, chini ya usiku tatu Lushoto si mapumziko.

Sasa nani aseme? Mumeo, tena kwa simu, wiki moja kabla: "Mama, tunafika Jumatano, tunalala kwako, Alhamisi tukishakula tunashuka mjini." Wewe usiwe tarishi. Neno hilohilo likitoka kinywani mwa mkamwana linageuka kiburi, likitoka kwa mtoto wake ni ratiba tu. Na ukimwambia mumeo, usianze na moshi wa jikoni. Mwambie: "Nataka kuanza kwa mama, ila nataka na siku za kupumzika." Atakuwa amepata alichokuwa anakitetea.

Zawadi zipunguze kazi yako, zisiiongeze. Kabichi, karoti na viazi vinatoka hukohuko, usivibebe. Peleka visivyotoka mlimani: nazi 6, mchele kilo 10, samaki wakavu, sukari kilo 5, doti ya kanga kwa mama mkwe na blanketi zito kwa baba mkwe. Usiku mmoja jikoni utauweza. Ingia kwa moyo, wala usitazame saa.

Njia sasa. Mwondoke saa kumi na moja alfajiri, mfike Mombo mchana. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona mfululizo, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, na Mlalo bado iko mbele kupitia Magamba. Kipande hicho hakifai gizani, na Julai ukungu hushuka mapema. Saa kumi jioni iwakute mmeshavuka Soni.

Watoto hutapika kwa sababu sikio la ndani linahisi gari linapinda huku macho yakiona kiti au simu ambayo haisogei. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Basi simu zifungwe Mombo, madirisha yafunguliwe kidogo, watoto waambiwe watazame mbele, mbali, barabarani. Simameni Mombo nusu saa, wanyooshe miguu. Wale ndizi au mkate mkavu na maji kidogo kidogo. Chipsi na soda ndizo huishia kwenye viti. Mkitaka dawa, muulizeni mfamasia mkitaja umri na uzito wa kila mtoto, na mjue kuwa nyingi hunywewa kabla ya kona, si baada ya kuanza kutapika. Zinaleta usingizi, kwa hiyo dereva asiziguse.

Baridi ndiyo mliyoidharau, na wa pwani wengi huidharau. Kila mita 1,000 mnazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku ambao Dar ina nyuzi 20, kule tarajieni 11 au 12, na Magamba chini ya hapo. Juu yake kuna unyevu. Fulana ya pamba iliyolowa jasho la kucheza inamnyonya mtoto joto lote, ndiyo maana koti moja kubwa halisaidii. Kila mtoto awe na masweta mawili mepesi ya kuvaa moja juu ya jingine, soksi jozi nne, kofia ya sufu na fulana kavu ya kulalia. Mtumba wa soko la Karume, hapo Dar, unatosha kabisa.

Kitandani, baridi hupenya hata kutoka chini, hasa godoro likiwa jembamba. Tandika blanketi moja chini ya shuka, mawili yawe juu. Chupa ya mpira ya maji ya moto, izungushwe kanga na kuwekwa miguuni nusu saa kabla ya kulala, inafanya kazi kuliko blanketi la nne. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani usiitumie, hujikunja na kuvuja maji yakiwa ya moto sana.

Na hili sikilizeni wote wawili: jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata likiwa limeshakuwa makaa mekundu yasiyo na moshi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu akadhani ni uchovu wa safari, akalala asiamke. Chumba chenye meko ya ukutani na dohani ni habari nyingine, lakini ulizeni kama dohani inavuta vizuri, na moto uzimike kabla hamjalala.

Kabla ya kulipia nyumba ya wageni, piga simu uulize maji ya moto yanapatikana saa ngapi (mahali pengi huchemshwa kwa kuni, yakiisha yameisha), kila kitanda kina blanketi ngapi, na kifungua kinywa ni saa ngapi. Akijibu "yote yapo" bila saa wala idadi, piga pengine.

Ijumaa msipange kitu. Lala, kunywa chai, watoto wacheze. Jumamosi nendeni Irente, kama kilomita 5 kutoka mjini, mtazame mbuga za chini kutoka ukingoni. Msiende alfajiri, mtakuta ukungu mtupu. Ngojeni saa tano au jioni jua likiwa limelala, na mtoto wa miaka 4 ashikwe mkono, mwamba ule hauna mzaha. Karibu na hapo kuna shamba la Irente, wana jibini, jemu na mkate wao. Msitu wa Magamba ni mzuri, una mbega, lakini utelezi wa Julai na mtoto mdogo havipatani. Uacheni mpaka akue.

Jumapili mshuke asubuhi, kwa gia ya pili. Dereva akikanyaga breki kutoka Soni mpaka Mombo zitapata moto na kuacha kushika. Mkisikia harufu ya kuungua, pembeni, dakika ishirini, na maji yasimwagwe kwenye magurudumu. Kabichi za kupeleka Temeke ziwekwe kwenye buti, siyo miguuni mwa watoto.