Uwanja kando ya bahari: maswali ya wasomaji wa Mombasa

Swali: Mhariri, salaam. Barazani kwetu kila jioni ni ubishi wa uwanja. Vijana wanataka uwanja mkubwa wa kisasa ufuoni, hapa hapa kisiwani, wakisema maduka ya katikati ya mji yatapata uhai. Wazee wanasema ni pesa za kutupa majini. Tuamulie.
*Msomaji, Majengo*

Jibu: Kabla ya kuuliza uwanja utabeba watu wangapi, uliza utafunguliwa siku ngapi. Ligi Kuu ya soka ya Kenya ina timu 18. Kila timu hucheza mechi 34, na za nyumbani ni 17. Bandari, klabu yetu ya Mombasa, ikihama uwanja wake wa Mbaraki leo, itaupa uwanja huo siku 17 kwa mwaka. Ongeza fainali za shule, mihadhara, matamasha na sherehe za kitaifa, hata tufike 40 kwa kujipendelea. Siku 325 zilizobaki, jirani anatazama ukuta na geti lenye kufuli. Mwenye kibanda cha chai halipi kodi ya mwezi kwa wateja wa Jumapili mbili tatu.

Wanaoutetea mpango wa namna hii hupenda kutaja Camden Yards wa Baltimore, Marekani, uliofunguliwa 1992 karibu na bandari ya mji ule. Lakini ule ni wa besiboli, na timu ya besiboli hucheza nyumbani mechi 81 kwa msimu. Na hata huko, wachumi wengi waliochunguza viwanja wanasema fedha za umma hazirudi, kwa sababu mfuko wa shabiki ni ule ule: mia tano aliyoiacha getini ndiyo angenunulia biriani Mwembe Tayari. Fedha mpya ni ya mgeni aliyetoka mbali akalala hotelini, na mechi za kawaida hazileti wengi wa aina hiyo.

Sasa hesabu ya matunzo. Majengo ya umma huhitaji kila mwaka kama asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga upya. Tuseme, kwa mfano tu, uwanja ni wa shilingi bilioni 2: matunzo ni milioni 40 hadi 80 kwa mwaka. Mechi 17, kila moja watu 5,000 kwa tiketi ya shilingi 200, zinaingiza milioni 17. Pengo hilo analijaza nani? Cape Town ilijenga wake wa Green Point, karibu na bahari, kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Kombe likaisha, bili za kuutunza zikabaki kwa mji miaka mingi. Kwa hesabu hizo, wazee wana haki zaidi, ingawa "majini" wamezidisha kidogo.

Swali: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Chumvi ya pwani naijua. Je, paa na nguzo za taa za uwanja wa ufuoni zitadumu?
*Fundi, Changamwe*

Jibu: Zitadumu zikitengenezwa kwa mpango, na kosa kubwa wewe umeshaliona: chuma kinatiwa zinki kwanza, kisha kinakatwa na kuchomelewa pale kazini. Moto unaunguza zinki kwenye kiungo, na kiungo ndicho kinachoanza kuoza. Mkataba useme wazi: chomelea na toboa kwanza, tia zinki baadaye, na viungo vya kazini vifungwe kwa bolti.

Kwenye zege, chumvi hupenya mpaka kwenye nondo, kutu ikavimba na kupasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa mrefu unaofuata mstari wa nondo, jua ndani kumeanza. Kando ya bahari nondo ifunikwe na zege lisilopungua milimita 50. Makosa ya kawaida ni mawili: nondo kulalia mbao kwa sababu vile vipande vya kuinulia (wengine huviita biskuti) havikuwekwa, na mchanga wa pwani usiooshwa.

Nyasi nazo zina gharama yake. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Zikinyweshwa milimita 5 kwa siku ni lita 35,700, karibu malori manne ya maji ya lita 10,000. Katika mji ambao mitaa hukaa siku bila mfereji kutoa tone, hilo litaleta maneno. Visima vya kisiwani vina chumvi, kwa hiyo itafutwe nyasi inayoistahimili, kama paspalamu.

Swali: Mechi ikiisha, watu elfu kumi watatokaje kisiwani?
*Mama wa Likoni*

Jibu: Mama, hilo ndilo swali ambalo michoro hailijibu. Getini si tatizo: mita 1 ya njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, kwa hiyo elfu kumi kutoka kwa dakika 8 wanahitaji upana wa mita 15 na kidogo. Tatizo ni nje ya geti. Nusu yao wakitaka matatu za watu 14, ni matatu 357 kwa mkupuo, na milango mikubwa ya kisiwa ni Nyali, Makupa na feri. Firimbi ya mwisho hupigwa jioni, saa ile ile wafanyakazi wanarudi Likoni. Ukionyeshwa mpango, tafuta ukurasa wa usafiri kwanza.

Swali: Ikiwa si uwanja, mji wetu utafufuliwa na nini?
*Mwenye duka, Mji wa Kale*

Jibu: Tazama bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kufunguliwa 2019. Watu wanakwenda kila jioni kwa mihogo, madafu na upepo. Hawakati tiketi.

Mjini penyewe tungeanza na mitaro. Bamvua likijaa, bahari hupanda zaidi ya mita 3 na kuziba midomo ya mitaro ya mvua. Masika ikikutana na saa hiyo, maji yanarudi barabarani, na siku hiyo biashara imekufa. Dawa yake ni kifuniko cha bawaba kinachofunguka kuelekea baharini tu, na mtu wa kukitoa taka kila wiki. Bila mtu huyo, mfuko mmoja wa plastiki unakizuia kisifunge.

Na jengo lako, ndugu: kuta za matumbawe zisipakwe saruji. Saruji haipumui. Unyevu hubaki ukutani, chumvi huganda nyuma yake na kuisukuma mpaka inadondoka kama sahani, na mawe huondoka nayo. Tumia chokaa kipimo 1 kwa mchanga safi vipimo 3. Lowesha ukuta kwanza, paka tabaka nyembamba, kisha uufunike magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa ikikaushwa na jua inakuwa vumbi.

Swali: Maoni yetu tuyapeleke wapi, na lini?
*Msomaji, Kisauni*

Jibu: Mapema, kabla ya jiwe la msingi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Andika barua mkitaja mradi na kiasi cha fedha. "Tunapinga" peke yake huwekwa kando. Omba kwa maandishi upembuzi yakinifu, ripoti ya athari za mazingira na makadirio ya matunzo ya miaka 10. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ukumbushe pia Kifungu cha 62 cha Katiba: ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ramani ya mradi ikigusa hapo, uliza wavuvi watapitia wapi.