Walimu wapya wa misheni, acheni kupigisha darasa zima magoti

Wadogo zangu mlioripoti Januari, nawapenda, lakini mwezi huu mmenichosha. Jana saa tano nimepita nyuma ya madarasa nakuta la nne nzima wako magoti kwenye mchanga mikono juu, ticha wao kakaa kivulini chini ya mkorosho anachezea simu. Namuuliza kulikoni, ananiambia "madam, kuna mtu kapasua kioo na hawataki kumtaja." Aisee. Wengine nyie mmesoma shule za misheni hizihizi na mlikuwa mnalalamika mkifanyiwa hivyohivyo. Basi naandika, mkimaliza kusoma rudini kusahihisha madaftari.

1. Fimbo. Chuoni mlifundishwa ila naona mliacha hukohuko. Kanuni za viboko za 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Visizidi vinne, mkononi au makalioni juu ya nguo, binti achapwe na mwalimu wa kike labda shule iwe haina, na kila tukio liingie kwenye kitabu. Sasa wewe unayetembea na fimbo ya mpera kutoka ofisini mpaka chooni, barua yako iko wapi? Kwa Sista mkuu wetu huyu hata ukiomba hupewi. Pale ofisini tumetundika picha ya Mtakatifu Yohane Bosco, yule padre wa Turin aliyefariki 1888, aliyetaka watoto walelewe kwa akili, dini na upendo na vipigo hakuvitaka kabisa, halafu chini ya picha yake kuna mtu kaegesha fimbo tatu. Nazitoa, zinarudi. Sijui zinaota.

2. Sala sio adhabu. Huu ni mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari, na kuna ticha kampa mtoto mchelewaji makumi matano ya Rozari asali peke yake kanisani wenzake wakiwa kwenye hesabu. Kwa hiyo mtoto kajifunza nini, kwamba Bikira Maria ndio mwalimu wa zamu? Na nusu ya watoto wetu ni Waislamu, huku kusini ndivyo tulivyo tangu zamani, wazazi wanaleta watoto misheni kwa sababu wanaiamini adabu yake. Ukimsalisha mtoto wa hivyo Baba Yetu kwa sababu kapiga kelele umemkosea yeye, umemkosea mzazi wake na sala yenyewe umeichezea. Anayetaka kusali asali, mchelewaji afagie.

3. Orodha ya wapiga kelele: kiranja anahongwa ubuyu, mnajua, na nyie mlihonga. Msiadhibu kwa ile karatasi.

4. Sasa hili la kumtafuta mwizi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Msimu wa 2018, ule ambao wanajeshi walikuja kubeba korosho, nilikuwa ndio nimepewa ualimu wa nidhamu kwenye shule moja ya misheni huku huku mkoani Mtwara, siyo hii. Nimepewa cheo kichwa kimevimba, kengele ikilia naona inanililia mimi. Darasa la tano walikuwa na kopo la Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki, kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko, watoto wanadumbukiza mia, hamsini. Siku hiyo kiranja analitikisa, kimya. Tupu.

Nikawatoa wote nje. Magoti, mikono juu, mpaka aliyechukua aseme. Jua la Novemba la Masasi sina haja ya kulieleza. Ilipita kama nusu saa hivi, wengine wameanza kulia, sauti moja ikasema "madam, fulani jana alikuwa na hela." Huyo fulani kijana mpole tu, Muislamu, kopo lile lilikuwa halimhusu kwa lolote, na leo nikikumbuka najua kabisa ndio maana ilikuwa rahisi kumtaja na ndio maana ilikuwa rahisi na mimi kuamini. Nikamwita ofisini mbele ya walimu wawili. Hela umepata wapi? Kimya. Nikasema huyu huyu. Kumbe aliokota korosho shambani kwa bibi yake akauza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, na msimu ule mnakumbuka jinsi kangomba ilivyokuwa inasakwa, bibi alikuwa kamwambia akisema tu wanakamatwa wote. Mtoto amebanwa huku na huku. Akakataa, nikakazana, mwisho nikamwambia angalia dirishani, wenzako wote wako juani kwa sababu yako.

Akaangalia. Akakaa hivyo muda. Halafu akasema "ni mimi madam."

Nilifurahi jamani. Nilifurahi! Nikawaambia wale walimu mnaona, ukijua kubana hawachomoki. Akachapwa viwili, nikaandika kitabuni kwa mwandiko mzuri, asubuhi yake nikamsimamisha mstarini shule nzima imwone, nikamwambia alete hela yote. Akaniuliza, "madam, ni shilingi ngapi?"

Mwizi ananiuliza kaiba shilingi ngapi, na mimi nikamtajia!

Kesho yake akaleta, imefungwa kwenye karatasi ya daftari, kamili. Ijumaa Sista mkuu akarudi kutoka Mtwara mjini, tukiwa kwenye chai akasema kawaida tu, jamani ile hela ya Utoto Mtakatifu nilishaitoa Jumatatu jioni nikaipeleka, naomba mumwambie mwalimu wa darasa aandike. Chai ilinigandia kooni. Na msisahau Bukoba ilikuwa imetokea Agosti mwaka huohuo, mwanafunzi wa darasa la tano kafa kwa kipigo cha mwalimu akituhumiwa kuiba mkoba, tulikuwa tumeijadili ofisini, mimi mwenyewe nilikuwa nimesema maneno makali kweli juu ya yule mwalimu.

Sista hakunifokea. Alisema umemtuhumu mstarini basi utamsafisha mstarini, na baba yake aitwe asikie. Nikasimama, nikasema, watoto wote macho kwangu. Baba mtu alikuja na baiskeli, akasikiliza mpaka mwisho, akapokea hela ya mwanae, akaniambia "Mwalimu, mimi nilimleta misheni nikijua huku mtu haonewi." Akapanda baiskeli akaenda. Bora angenitukana.

Kijana hakuhama, alimaliza la saba palepale. Ila kuanzia siku ile kitu chochote kikipotea darasani, hata ufutio, alikuwa analifungua begi lake mwenyewe anamwaga vitu mezani kabla hajaulizwa na mtu.

Kwa hiyo ticha wa jana, wewe wa kioo. Hata padre hamkamati mtu akambana mpaka aungame, kitubio mtu anakwenda kwa miguu yake, wewe mwenye chaki mamlaka hayo umeyatoa wapi? Darasa zima halina kosa moja. Kitu kikipotea kwanza uliza wakubwa wenzako, halafu muite mtoto mmoja mmoja pembeni kwa sauti ya kawaida, na usipompata mwenye kosa basi hujampata, shule haifungwi kwa kioo.

5. Mashati. Doa la bibo, lile tunda la mkorosho, halitoki hata kwa jiki, msimu huu mtawaona wengi wana madoa ya kahawia kifuani, usimrudishe mtoto nyumbani. Na ukiona midomo imebabuka au vidole vinachunika sio ugonjwa na sio uchafu, ni mafuta ya ganda la korosho, kang'ata mbichi au kachoma vibaya. Kuna mwenzenu kutoka Moshi aliwatenga watoto watatu dawati la nyuma akidhani upele unaambukiza, mpaka mpishi alipomwonyesha vidole vyake.

6. Vijana waliotoka jandoni. Likizo ya Desemba wengi wataingia, Januari watarudi wamenyooka mabega na hawataki kuitwa mtoto na mwalimu wa kike. Msishindane nao mstarini, muite pembeni, mpe kazi ya ukubwa, funguo za stoo ya majembe kwa mfano, wiki mbili tu atakuwa anakusalimia mwenyewe.

7. Ramadhani usimwadhibu anayesinzia kipindi cha nane. Ada ni ya mhasibu na mzazi, usimtaje mtoto jina mbele ya wenzake. Kuongea Kiswahili uwanjani ni shida ya somo la Kiingereza, usijaze kitabu cha nidhamu kwa hilo.

8. Mzazi. Barua hazifiki, zinakuwa ndege za karatasi kabla ya geti. Piga simu, piga jioni maana mchana yuko shambani, na neno la kwanza liwe "mtoto mzima, hajambo," ndio uendelee na shida yako. Kuna mama mmoja wa Newala alipigiwa anatoka kisimani, ticha kaanza na "mama, ni kuhusu mwanao..." na kupumua kidogo, mama kaangusha ndoo nzima chini. Newala, na maji ya kule yalivyo shida mnajua. Tulimlipa.